Pale Chini ya Bembea

Kamati ya wazazi ilikutana Jumamosi ya pili ya Januari katika chumba cha walimu. Juu ya meza walikuwa wamepanga vitu vinne kama bidhaa za gengeni: tofali moja la pevingi la kusakafia uwanja, kipande cha zulia la mpira wa matairi, mfuko wa maranda ya mbao, na chupa ya maji iliyojazwa mchanga. Modesta alikaa mwisho wa meza. Hakuwa mjumbe. Walimwalika kwa sababu mwezi wa kumi mwanawe wa pekee, Gladness, wa darasa la pili, aliponyoka kwenye bembea ya shule hiyo wakati wa mapumziko, akaangukia kisogo, na kabla jua halijaegemea magharibi alikuwa ameshaitwa marehemu.

Daktari aliyempokea pale hospitali hakuwa mtu wa maneno mengi. "Si urefu, mama," alimwambia. "Bembea ile hata wanangu wanairuka. Ni ardhi aliyoiangukia. Ngumu."

Wengine waliondoka kwenye msiba ule na lawama zao. Kuna walioulaumu mnyororo, kuna waliomlaumu mwalimu wa zamu, na shangazi mmoja akavilaumu viatu vipya. Modesta aliondoka na ardhi. Alisafiri nayo kichwani nyuma ya gari lililobeba jeneza mpaka Mbinga, kwa kina Petro mumewe, akarudi nayo Mtwara, akaingia nayo kila asubuhi kwenye masjala ya ofisi za serikali alikofanya kazi ya kupokea barua na kuzigonga muhuri. Alitaka kitu kimoja tu: pale chini ya bembea pawe laini, asianguke pale mtoto mwingine akafa. Hakuomba jingine, wala hakuna aliyemuuliza kama analo jingine.

"Jamani, tunahangaika nini?" alianza mwenyekiti. Aliitwa Waziri, mtu wa Mikindani, muuza vipuri vya bajaji, na alizoea kusema kama anayemmalizia mteja bei. Aligonga tofali kwa kifundo cha kidole. "Mji wetu una kiwanda cha saruji. Hili likilazwa, hakuna vumbi, hakuna tope. Mtoto anatoka nyumbani na soksi nyeupe, anarudi na soksi nyeupe."

"Na kichwa kinarudije?" Modesta aliuliza.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Josephu, mtu mpole wa kutoka Kagera, alisogeza tofali pembeni polepole, kama mtu anayeondoa chombo kichafu mbele ya mgeni.

"Zulia la mpira je?" alisema. "Wanasema ndilo la kisasa. Ila mimi jana nilikianika kipande hiki hapo nje tangu asubuhi. Saa saba nikakishika. Kiganja kikataka kubaki nacho."

"Na maranda?" aliuliza Hamisa, mzazi aliyekuwa na mtoto chekechea, muuza vitenge sokoni.

"Maranda ni pilau ya mchwa," Waziri alidakia. "Wekeni leo, mwezi ujao mna kichuguu. Watoto wateleze kwenye kichuguu, tuiache hiyo bembea."

Wakacheka kidogo, wakakumbuka nani amekaa mwisho wa meza, wakaacha.

"Nataka mchanga," Modesta alisema. "Mlaini, mwingi, wa kuzamisha mguu."

"Dada Modesta, pole sana, nakuelewa." Hamisa alimshika mkono. "Lakini mchanga nao una mambo yake. Wangu nimemsuka juzi tu. Ukiingia kwenye nywele zile, Jumapili nzima nakung'uta."

Modesta aliutazama mkono uliomshika. Ulikuwa mkono mwema, wa mama mwenye mtoto wa kumkung'uta Jumapili. Mwalimu Josephu akaona heri waahirishe, amwite fundi aje apaangalie mahali penyewe.

Fundi Twahiru alikuja Jumatatu alasiri. Alikuwa na miaka sitini na ushei, mwashi aliyezikarabati nyumba za mawe za kwao Mikindani, na ndiye aliyezisimika nguzo za bembea ile miaka sita nyuma. Modesta aliomba ruhusa kazini, akafika akiwa bado na wino wa muhuri kidoleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mungu amlaze pema. Siku ile niliposikia, nilijiuliza kama ni nguzo zangu."

"Si nguzo."

"Nimeziangalia. Si nguzo." Alisema hivyo kama mtu aliyeponea chupuchupu, na Modesta akamchukia kwa muda mfupi, kisha akamsamehe.

Twahiru alichukua beleshi, akaliinua, akalichoma ardhini katikati ya nguzo. Beleshi lililia. Akalichoma tena, safari hii kwa uzito wa mguu, likang'oa kigae chembamba cha udongo uliobanana, kilichong'aa upande wa juu kama kisahani. Alichimba hivyo, kigae baada ya kigae, mpaka kina cha shubiri. Halafu ghafla beleshi likazama lenyewe. Chini kulikuwa na mchanga mlaini, mweupe, unaomwagika.

"Ahaa." Akajifuta jasho. "Unaona? Huu ndio niliokutana nao mimi. Siku nasimika nguzo nilikuwa nachimba shimo, linafukika. Nachimba, linafukika. Niliutukana mchanga huu mpaka nikaogopa dhambi. Huku mtaa wa Shangani pwani yote ni mchanga, mama. Mnataka kuununua wa nini?"

"Wa juu ulikwenda wapi?"

"Haukwenda. Umepelekwa."

Akatembea mpaka kwenye ukuta wa shule, akapiga magoti, akachomeka mkono kwenye tuta refu lililoegemea ukuta tangu kona hadi kona. Mkono ulizama mpaka kiwikoni. Modesta alikuwa amelipita tuta hilo kila siku alipomleta mwanawe, akidhani ndivyo kiwanja kilivyoumbwa.

"Kila asubuhi watoto wanafagia kutoka katikati kwenda ukingoni," Twahiru alisema. "Vumbi likizidi wananyunyiza maji, wanafagia tena, wanakanyaga. Miaka sita. Hata barabara ya lami haipati matunzo hayo."

Kando ya bomba la maji fagio za chelewa zilikuwa zimeegemezwa, hamsini au zaidi, mpya, kwa kuwa shule zilikuwa zimefunguliwa wiki hiyo na kila mzazi alikuwa ameleta wake. Upo kwenye orodha ya kila Januari: daftari, ndoo, ufagio wa chelewa. Modesta aliziendea, akaushika mmoja.

Yeye hakuwahi kuleta ufagio wa kubahatisha. Alikuwa anazipitia pale sokoni moja moja, akizikunja chelewa ili aone kama zinarudi, kwa sababu fagio legevu zinapapasa tu, hazifagii. Kisha aliukaza kwa kamba ya mpira mwekundu ili wa Gladness usipotee kati ya za wenzake. Mwaka jana darasa la pili lilipata bendera ya usafi wiki tatu mfululizo, na Gladness alirudi nyumbani akiruka: "Mama, mwalimu kasema ufagio wangu ndio mkali kuliko wote!" Na yeye mama alifurahi. Alimpakulia nyama ya ziada.

"Nyumbani kwako hufagii uwanja?" Twahiru alimuuliza, maana alikuwa ameuona uso wake.

"Nafagia."

"Basi. Mke wangu naye anafagia, mama yangu alifagia. Hakuna aliyefanya ubaya hapa."

"Ndiyo maana hakuna wa kumshika," Modesta alisema.

Kamati ilipokutana tena, Modesta alifika na kapu. Aliwaomba wote watoke nje, wakatoka. Ndani ya kapu kulikuwa na nazi mbili zilizofuliwa, alizozichagua kwa kuzitikisa sikioni asubuhi hiyo. Alipanda kwenye benchi kando ya bembea, akainua nazi ya kwanza hadi pale kichwa cha mtoto wa darasa la pili kinapofika bembea ikipaa, akaiachia.

Ule mlio hakuna aliyeusahau. Nazi ilipasuka, maji yakaruka kwenye kanzu ya Waziri.

"Astaghfirullah," Waziri alisema. "Mama, basi. Tumeelewa."

"Bado." Akashuka, akalisogeza benchi kwenye kishimo alichochimba Twahiru, ambacho Modesta alikuwa amekijaza mchanga wa ukutani kwa mikono yake. Akapanda tena, akainua nazi ya pili kimo kilekile. Nazi ilifika chini kwa sauti ya mtu anayekalia godoro, ikabaki imezama nusu, nzima.

Hamisa alikuwa analia. Kamati haikupiga kura. Nani angepiga kura baada ya hapo? Waliafikiana kwamba udongo mgumu uvunjwe, mchanga wote wa ukutani urudishwe chini ya bembea kwa kina cha futi moja, na kuanzia siku hiyo eneo lile lisifagiwe. Mwalimu Josephu akaagiza kibao, na Twahiru, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri, akaandika kwa rangi nyeusi: HAPA HAPAFAGIWI.

Februari yote Modesta alipita pale kabla ya kwenda kazini. Hakukaa. Alivua kiatu kimoja, akakanyaga, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo, akavaa kiatu, akaenda zake. Petro, ambaye aliendesha folklifti ya kunyanyulia mizigo bandarini na tangu msiba alikuwa anaongea kama anayelipia maneno, alimuuliza siku moja:

"Kukoje?"

"Laini."

"Haya." Wakala chakula chao.

Machi kulikuwa na wiki ya kufunga majalada ya mwaka uliopita kule masjala, akalazimika kuwahi kazini. Hakupita shule siku tisa. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Aliingia getini kabla ya kengele, akavua kiatu, akakanyaga, na unyayo wake ukapiga pa! kama kofi.

Pale chini ya bembea palikuwa pamefagiwa. Si kufagia kwa kulipua. Mistari ya chelewa ilikuwa imepangwa kama miiba ya samaki, ikizunguka nguzo, ikizunguka hata kibao cha Twahiru, na hapakuwa na jani hata moja. Pembeni mwa eneo lote watoto walikuwa wamepanga simbi, makombe ya pwani, kwa mstari. Watoto wawili walikuwa bado wameinama, mkono mmoja mgongoni, wakimalizia kona.

Modesta aliwafahamu. Walikuwa Mariamu na Sudi, waliokaa dawati moja na Gladness, sasa wako darasa la tatu.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunafagia."

"Kibao kile kimeandikwaje, Sudi?"

Sudi alikisoma vizuri, bila kugugumia. "Hapa hapafagiwi."

"Kumbe mnajua kusoma."

"Kibao ni cha wengine," Mariamu alisema. Hakuwa mtoto wa kuogopa watu wazima. "Wao wangefagia ovyo. Sisi tulikaa naye."

"Nani kawatuma?"

"Hakuna." Mariamu alimtazama kwa mshangao kidogo, kama vile mama mzima ndiye angepaswa kujua. "Kaburini kwa babu yangu Mikindani tunafagia kila Alhamisi jioni. Bibi anasema kaburi likiota majani, aliyelala anajua watu wameshamsahau. Sasa Gladi wamempeleka mbali. Sudi alimuuliza baba yake Mbinga ni nauli kiasi gani, akacheka. Basi tukaona tumfagilie hapa."

"Tunaanza sisi kabla ya zamu," Sudi aliongeza. "Halafu tunamaliza na maji ili vumbi lisimwingie mtu."

Modesta alisimama na kiatu mkononi. Alikuwa ameandaa maneno makali kwa ajili ya mwalimu wa zamu, kwa ajili ya mkaguzi wa usafi, kwa ajili ya Waziri na soksi zake. Hakuyaandaa kwa ajili ya hawa wawili. Miezi mitano watu wazima walimkwepa sokoni, wakavuka barabara wasije wakakosa la kumwambia, na kumbe siku hizi watoto hawa walikuwa wanaamka mapema kwa ajili ya mwanawe. Na kwa mapenzi hayohayo walikuwa wanamtengenezea mwingine mauti yaleyale, taratibu, kwa mpangilio wa miiba ya samaki.

"Asanteni," alisema. Sauti yake ilimchukiza. Akavaa kiatu.

Mwalimu Josephu alijua. Alikiri hivyo akiwa amesimama, nyuma ya meza yake.

"Wiki nzima sasa. Mama, ningewaambiaje? Mtoto anakuja na ufagio ananiambia anamfagilia rafiki yake. Na mimi kwetu tunafagia."

"Waambie ni hatari."

"Nimewaambia. Wanasema watafagia taratibu."

Aliahidi kuwakataza gwarideni, akawakataza. Petro akaja Jumamosi, akavunja tena ule ugumu kwa sururu na kuurudisha mchanga. Watoto waliacha siku tatu. Siku ya nne kulikuwa na fagio nne, na wiki iliyofuata kumi, maana habari ilishaenea darasa hadi darasa kwamba pale ndipo pa Gladi na kwamba walimu hawataki akumbukwe. Walifagia wakati wa mapumziko, walifagia baada ya shule. Aliyekatazwa asubuhi alirudi mchana. Ilikuwa ndiyo kazi pekee ya shule ambayo hakuna aliyehitaji kuisimamia.

Kisha mtoto wa Hamisa, yule wa nywele za kusukwa, aliponyoka kwenye bembea ileile. Alianguka ubavu. Alijiuma ulimi, akalia, akanyanyuka, akaenda kunawa. Hamisa alisimulia mwenyewe sokoni, huku akimpimia mtu kitenge: "Katoka na damu mdomoni kama kala embe bichi na pilipili! Nikamwambia, wewe na bembea mna ugomvi gani?" Watu walicheka. Modesta alikuwa kwenye foleni ya nyanya, hatua tatu nyuma yake.

Jumamosi hiyo asubuhi alimwambia Petro achukue spana. Petro hakuuliza za nini. Walitembea mpaka shuleni, mlinzi akawafungulia kwa sababu aliwajua, na Petro akapanda ngazi akaanza kulegeza nati za minyororo. Kwenye nguzo zile zilining'inia bembea nne. Moja baada ya nyingine zilishuka, na Modesta akazizungushia minyororo yake na kuzilaza kwenye mkokoteni waliouazima.

Waziri alifika nati ya mwisho ikiwa bado inagoma. Mlinzi alikuwa amempigia simu.

"Mama, mama! Hii ni mali ya shule. Kamati haijakaa."

"Mtakaa."

"Huwezi kuja tu na spana. Kuna utaratibu."

"Niandikieni barua," Modesta alisema. "Ipelekeni ofisini kwetu. Nitaipokea mwenyewe, niigonge muhuri, niiweke kwenye jalada."

Waziri alimgeukia Petro, mwanaume mwenzake. "Bwana Petro, kaka yangu, watoto watacheza nini?"

Petro alikuwa juu ya ngazi, spana mdomoni. Aliitoa. "Watafagia," alisema, akairudisha kazini, na nati ikatoka.

Barua haikuandikwa. Kamati ilikaa kweli, mwezi uliofuata, bila kumwalika, ikaamua kiwanja kizima kiwekwe pevingi, kwa kuwa bembea hazipo tena na kwa hiyo hakuna wa kuanguka. Tofali zililazwa na Twahiru. Alizilaza vizuri, kwa kuwa hakujua kulaza vibaya. Mwezi wa sita shule ilipewa cheti cha usafi, ya kwanza kati ya shule za mjini, na Waziri akapigwa picha nacho.

Bembea zilibaki uani kwa Modesta, chini ya turubai. Petro alitaka kuziuza chuma chakavu, akamkatalia. Hakutaka zikaning'inizwe mahali pengine. Kila asubuhi aliendelea kupita ukuta wa shule kwenda kazini, kwa sababu njia nyingine hakuna. Watoto walimwona. Siku za mwanzo walimnyamazia tu, na Mariamu akageuza uso. Halafu mmoja, wa darasa la kwanza, ambaye hata hakumkuta Gladness shuleni, akapanda kwenye bomba, akachungulia juu ya ukuta na kuita kwa sauti yote aliyojaliwa:

"Mama Gladi!"

Tangu mwezi wa kumi hakuna aliyemwita hivyo. Watu wazima walilikwepa jina hilo kwa huruma; walimwita dada, walimwita mama tu, wengine wakamrudisha kwenye jina la kanisani.

"Abee!" aliitika kabla hajageuka.

"Turudishie bembea zetu!"

Na vichwa vingine vikachomoza juu ya ukuta, vitano, vinane, vyote vizima, vikaanza kuimba kwa pamoja: Mama Gladi mwizi, Mama Gladi mwizi. Modesta alisimama akivihesabu mpaka kengele ikalia. Kisha akaenda kazini.